Regeksi (mchoro wa kutafutia maandishi) inakubali kwenye utafutaji lakini inagoma kwenye programu-jalizi: anzia hapa

Hatua ya 1. Ijaribu kwenye kisanduku cha utafutaji cha kihariri chenyewe. Ikigoma hata hapo, kosa ni la regeksi, na mikwaju ya nyuma (`\`) haihusiki.

Hatua ya 2. Angalia umeiandika wapi. Ikiwa ni ndani ya faili la mipangilio la JSON (muundo wa kuandika data kama maandishi), basi inasomwa mara mbili: JSON kwanza, kisha injini ya regeksi (sehemu inayofanya utafutaji wenyewe), na kila msomaji anakula mkwaju wake wa nyuma. Kwa hiyo `\d+` inaandikwa `"\\d+"`. Ukitafuta mkwaju wa nyuma wenyewe, unaandika `"\\\\"`. Ndiyo, minne.

Sasa, `"\d"` haina hatari kubwa, maana JSON haiitambui na kihariri kitalalamika mara moja. Balaa ni `\b`. Wewe unamaanisha mpaka wa neno, ila kwa JSON hiyo ni herufi ya kufuta nyuma, U+0008, na ni halali kabisa. Ukiandika `"\bjina\b"`, faili linasomwa vizuri, hakuna onyo lolote, na hakuna kinachopatikana, kwa sababu injini inatafuta herufi ambayo haimo kwenye maandishi yako. Andika `"\\bjina\\b"`. Usidanganywe na `\n` na `\t` pia: zenye mkwaju mmoja zinafanya kazi, kwa kuwa JSON inazigeuza kuwa mstari mpya na tabo halisi, na injini inazipata hivyo hivyo. Ndiyo maana mtu huapa kwamba mkwaju mmoja unatosha.

Hatua ya 3. Kama msimbo ni wako, chapisha kilichoifikia injini. Kwenye JavaScript tumia `console.log(re.source)`, ambapo `re` ni regeksi yako. Usipitishe `JSON.stringify`, itaongeza mikwaju upya na utazidi kuchanganyikiwa. Na tafadhali, regeksi isiyobadilika iandike `/\bjina\b/`. `new RegExp("\d")` inadondosha mkwaju kimyakimya na kubaki kutafuta herufi d. Kwenye Python, tumia `r"..."` kila mara, ili mikwaju isiguswe.

Hatua ya 4. Kwenye kihariri cha Vim, `+` na `(` ni herufi za kawaida mpaka uzitangulizie mkwaju wa nyuma. Mimi huanza regeksi na `\v`, inayozipa alama hizo maana maalumu bila mkwaju, na kuachana na usumbufu huo. Ndani ya hati ya Vim, tumia alama moja za nukuu, `'\v<jina>'` (hapa `<` na `>` ni mipaka ya neno), ili mikwaju ibaki kama ulivyoiandika.