Kubadilisha Pointi kwa Moduli ya Elektroniki Kwenye Pikipiki ya Zamani

Pikipiki nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1980 hupata cheche kwa pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungika ili kukata umeme wa koili, ambavyo huungua na kulika polepole hadi taimingi, yaani wakati wa cheche, ikahama, na vumbi la barabara za murramu za Uganda likipenya humo huharakisha uchakavu. Moduli ya elektroniki, kifaa kinachofanya kazi ya pointi bila vipande vinavyogusana, huondoa usumbufu huo. Kwanza hakikisha umeme wa pikipiki ni volti 6 au 12, na upande upi wa betri umefungwa kwenye fremu, kwa kuwa BSA na Triumph nyingi za Uingereza za miaka ya 1960 zilifungwa chanya, na moduli ikigeuziwa nyaya huweza kuungua papo hapo.

Pima koili, inayokuza umeme wa betri hadi uweze kutoa cheche, kwa mita. Ukinzani wake usipungue kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu cha moduli. Ikiwa haifikii kiwango hicho, tafuta nyingine katika maduka ya vipuri ya Kisekka, Kampala, lakini ipime kabla ya kulipa.

Chomoa betri, piga picha ya nyaya, kisha ondoa pointi na kondensa (kikopo kidogo kilichounganishwa nazo), ufunge sahani ya moduli mahali pake. Waya unaorudi kwenye fremu uungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Unapojaribu cheche, plagi iguse kichwa cha silinda, kwani cheche ikikosa njia inaweza kuua moduli. Hatimaye rekebisha taimingi kwa taa ya kupimia taimingi, injini ikinguruma, mpaka alama ya rota, sehemu inayozunguka na injini, ilingane na alama ya injini. Pointi za zamani zihifadhi chini ya kiti.