Kutoka Mbeya hadi Mumbai: Namna ya Kupanda Treni za Mjini

Sweta acha Mbeya. Mumbai ni pwani, joto na unyevu. Hata mzoefu wa msongamano wa Mwanjelwa atashtushwa na treni za huko, hivyo siku za kazi epuka saa 2 hadi 5 asubuhi na saa 11 jioni hadi 2 usiku. Kwenye ubao, S husimama kila kituo, F huruka vingi. Mwanamume asiingie behewa la wanawake: kuna faini.

Begi vaa kifuani. Kushuka ndiko kugumu: treni husimama sekunde chache, na wanaopanda hawasubiri. Vituo viwili kabla, sogea mlangoni ukiuliza walio mbele kama nao wanashuka. Usining'inie nje, tafadhali. Nguzo ziko karibu mno.