Kuzungumza na mwanao wa chuo kuhusu pombe

Mimi ni mama wa vijana wawili walio chuoni, na mazungumzo ya pombe huyaanza kabla hawajafunga mizigo. Wiki 6 za kwanza ni za hatari sana: kijana ana uhuru mpya, marafiki wapya na hamu ya kukubalika. Mpigie simu mara kwa mara kipindi hicho, hasa Ijumaa jioni. Muulize maswali ya kawaida: umekula? Mnakwenda wapi? Utarudi na nani?

Usimhubirie. Mweleze msimamo wako waziwazi, kisha msikilize. Fanyeni mazoezi ya jibu fupi la kukataa: "Leo sinywi, nina kipindi asubuhi." Maelezo marefu hukaribisha ubishi.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: ini huhitaji takriban saa nzima kuondoa kipimo kimoja cha kawaida cha pombe (kama chupa ndogo ya bia), na kahawa au maji baridi hayaharakishi chochote. Kwa hiyo mwenzake akilewa hadi haamshiki, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au ngozi ikiwa baridi na midomo kugeuka buluu, asiachwe eti alale pombe imtoke. Alazwe ubavu, akae na mtu, na huduma ya dharura ipigiwe simu papo hapo.

Mwahidi pia kwamba akikupigia usiku wa manane hutaanza kwa kumkaripia. Mimi huuliza kwanza, "Uko wapi, mwanangu?" Mengine yatasubiri kukuche.