Jinsi ya kupima eneo la sakafu na bustani kabla ya kununua vifaa

Mtu anayeingia dukani kununua marumaru huulizwa swali moja kabla hata ya kutajiwa bei: ni mita ngapi za mraba? Wengi hujibu kwa kukisia, au humpigia simu fundi, ambaye naye hukisia akiwa juu ya ngazi kwenye kazi ya mtu mwingine. Matokeo yake ni ama maboksi manne yanayobaki kuliwa na vumbi stoo, ama, jambo lililo baya zaidi, upungufu wa marumaru sita wakati shehena ya rangi ileile imekwisha dukani. Kupima mwenyewe huchukua chini ya saa moja, na hesabu inayohitajika haizidi ile ya shule ya msingi, isipokuwa mahali pamoja tu tutakapopafikia kwenye bustani.

Vifaa ni vichache: futi ya chuma ya mita 5 kwa ndani ya nyumba, tepu ndefu ya mita 30 au 50 kwa nje, chaki, kamba, vigingi vinne, karatasi na penseli. Katika Kiswahili cha mafundi, futi ni kifaa na futi pia ni kipimo, hivyo unapomwambia fundi "futi kumi" hakikisha nyote wawili mnazungumzia kitu kimoja. Ile ndoano ya chuma iliyo kwenye ncha ya futi huchezacheza kidogo, na watu wengi hudhani imelegea, wakaigonga nyundo ili ikaze. Isiguswe. Imeachiwa icheze kwa kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sawa iwe umeivuta kutoka ukingoni au umeisukuma ukutani. Vilevile, unapopima kati ya kuta mbili, usiupinde utepe kwenye kona na kukisia namba. Egemeza kasha la futi ukutani, soma namba iliyo mdomoni mwa kasha, kisha jumlisha urefu wa kasha lenyewe, ambao kwa kawaida huandikwa ubavuni au chini yake.

Kabla ya kupima chora chumba, hata kwa mistari iliyopinda, kwa sababu namba zisizo na mchoro husahaulika zilikuwa za ukuta upi. Usinakili vipimo kutoka kwenye ramani ya nyumba. Mimi nilifanya hivyo kwenye sebule yangu, nikasahau kwamba ramani ilionyesha kuta za matofali matupu na kwamba plasta ingekula karibu sentimita 2 kila upande. Kwa chumba kimoja tofauti hiyo si kubwa, ila kila marumaru ya mwisho ililazimika kukatwa kijisehemu chembamba ambacho hadi leo kinanikera ninapokaa kwenye kochi.

Tuchukue chumba cha kulala chenye urefu wa mita 4.20 na upana wa mita 3.60, pamoja na sehemu iliyoingia ukutani kwa ajili ya kabati, yenye mita 1.80 kwa 0.60. Umbo kama hili halizidishwi kwa mkupuo; hugawanywa katika mistatili, kila mmoja ukahesabiwa peke yake. Chumba ni 4.20 × 3.60, yaani mita za mraba 15.12, kabati ni 1.80 × 0.60, yaani 1.08, jumla ni 16.20. Pima kila upande mara mbili, mara moja karibu na ukuta na mara nyingine katikati ya chumba, na namba zikitofautiana tumia iliyo kubwa.

Makosa hayatoki sana kwenye kuzidisha bali kwenye vipimo vyenyewe. Anayepima kwa sentimita hupata 420 × 360, yaani 151,200, kisha hugawanya kwa 100 kwa mazoea na kupata chumba cha mita za mraba 1,512, ukubwa wa kiwanja cha shule. Sentimita za mraba hugawanywa kwa 10,000. Anayepima kwa futi na nchi huandika futi 13 na nchi 9 kama 13.9, ilhali nchi 9 ni robo tatu za futi, na namba sahihi ni 13.75. Anayegeuza mita za mraba kuwa futi za mraba huzidisha kwa 3.28 badala ya 10.76. Ushauri wangu ni kuchagua mita tangu mwanzo na kubaki nazo, kwa kuwa maboksi ya marumaru huandikwa kwa mita za mraba.

Kwenye eneo uliyopata ongeza sehemu ya kuvunjika na kukatwa. Mafundi wengi huongeza asilimia 10 kwa marumaru zinazolazwa sambamba na ukuta, na asilimia 15 zinapolazwa kimshazari, kwa sababu huko kila marumaru ya pembeni hukatwa. Kwa chumba chetu, 16.20 mara 1.1 ni 17.82. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lenye marumaru nne hufunika mita za mraba 1.44, na 17.82 ikigawanywa kwa 1.44 hutoa 12.4, kwa hiyo mtu angeagiza maboksi 13 na kuondoka akiwa ameridhika. Amesahau sketingi, yaani ule ukanda unaobandikwa chini ya kuta kuzunguka chumba. Mzunguko wa chumba hiki, pamoja na mbavu mbili za sehemu ya kabati, ni mita 16.80, ukiondoa mlango wa mita 0.90 hubaki mita 15.90. Sketingi ikikatwa kutoka marumaru zilezile, vinahitajika vipande 27 vya sentimita 60, na marumaru moja hutoa vipande sita vya kimo cha karibu sentimita 10. Hizo ni marumaru tano, au mita za mraba 1.80. Jumla inakuwa 19.62, na maboksi yanakuwa 14. Idadi ya marumaru ndani ya boksi hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, hivyo soma namba ya mita za mraba iliyochapishwa ubavuni, na hakikisha maboksi yote yana namba moja ya shehena, maana rangi ya shehena mbili hufanana dukani na kutofautiana sakafuni.

Jambo moja zaidi la ndani: pima ulalo wa chumba, kutoka kona hadi kona, kwa njia zote mbili. Katika chumba cha 4.20 kwa 3.60 kilichonyooka kila ulalo ni mita 5.53. Tofauti ya sentimita moja au mbili haina madhara. Ikifika sentimita tano, eneo halitabadilika sana, ila mstari wa mwisho wa marumaru utakatwa kama kabari, na ni vyema fundi aambiwe mapema ili aanzie upande unaoonekana zaidi.

Nje ya nyumba mambo hubadilika, kwa sababu viwanja vyetu vingi havina pembe mraba hata moja. Katika maeneo ambayo hayajapimwa rasmi ardhi bado huuzwa kwa hatua, "ishirini kwa ishirini", na mnunuzi hurudi nyumbani akiamini ana mita za mraba 400. Hatua ya sentimita 75, ambayo ni ya kawaida kwa mtu mzima anayetembea bila haraka, hufanya hatua 20 ziwe mita 15, na kiwanja kiwe mita za mraba 225. Kwa hiyo usianze na namba iliyo kwenye karatasi ya mauziano. Anza na tepu.

Kwa uwanja wenye pande nne zisizo sawa, watu wengi hutafuta wastani wa pande zinazoelekeana kisha huzidisha. Njia hiyo hukubalika kona zinapokaribia pembe mraba, lakini kiwanja kikiwa kimelala upande daima huongeza eneo. Tuseme pande, kwa kuzifuata mzunguko, ni mita 11.40, 9.80, 12.10 na 8.90. Wastani ni 11.75 na 9.35, na eneo linaonekana kuwa mita za mraba 109.86. Sasa vuta kamba kutoka kona ambapo 8.90 inakutana na 11.40 hadi kona ya mkabala, na tuseme ulalo huo ni mita 18.00. Uwanja umegawanyika katika pembetatu mbili, na hapa ndipo pale pamoja penye hesabu ngumu kidogo: jumlisha pande tatu za pembetatu, gawanya kwa mbili, toa kila upande kutoka kwenye nusu hiyo, zidisha nusu pamoja na masalio yote matatu, kisha tafuta kipeuo cha pili kwa kikokotoo cha simu. Pembetatu ya kwanza, 11.40, 9.80 na 18.00, ina nusu ya 19.6 na masalio ya 8.2, 9.8 na 1.6, zao ni 2,520, na kipeuo chake ni 50.2. Ya pili, 12.10, 8.90 na 18.00, hutoa 47.9. Uwanja una mita za mraba 98.1, si 109.86. Ukitandaza matofali ya pevingi ya sentimita 20 kwa 10, ambayo Kenya huitwa kabro, kila mita moja ya mraba huhitaji matofali 50, na kosa hilo moja la wastani lingekununulisha matofali karibu 590 yasiyo na pa kuwekwa.

Kutoka kwenye jumla toa visivyofunikwa: kibaraza, kitako cha tangi la maji, mifuniko ya chemba, na duara la udongo kuzunguka shina la mwembe. Duara la mti halipimiki katikati kwa kuwa shina limekaa hapo. Zungusha kamba ukingoni mwake, ipime, zidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha gawanya kwa 12.57. Kamba ya mita 5.65 hutoa mita za mraba 2.54.

Tuta la maua lenye kingo za mawimbi lisikutishe. Nyoosha kamba katikati kwa urefu wake, na kila baada ya mita moja pima upana wa tuta kwa kukata kamba kwa pembe mraba. Tuta la mita 6 lililochongoka ncha zote mbili, lenye upana wa 1.2, 1.8, 2.1, 1.9 na 1.1, lina mita za mraba 8.1, jumla ya upana huo ikizidishwa kwa mita moja. Ukitaka kuongeza udongo wa mboji wa kina cha sentimita 10, zidisha 8.1 kwa 0.10 upate mita za ujazo 0.81, na umwambie mwenye lori namba hiyo, si "kama nusu lori hivi".

Programu za simu zinazopima kwa setilaiti nazitumia kwa shamba la ekari kadhaa tu, kwa kuwa kosa la mita tatu au nne si kitu kwenye ekari moja, yenye mita za mraba 4,047, ilhali kwenye ua wa nyumba hulimeza tuta zima. Kipimo cha leza ni kizuri sana ndani. Nje, kwenye jua la saa sita, doa lake jekundu halionekani, na utajikuta umerudi kwenye tepu. Mpe mwenzako ashike ncha ya pili na aivute hadi isilegee, kwa sababu tepu ndefu inayoning'inia katikati husoma zaidi ya umbali halisi.