Kitafunwa cha safari kwa mwenye kisukari: mkebe wa njaa na mfuko wa sukari kushuka

Nina kisukari aina ya 2, na karibu kila mwezi napanda basi kutoka Dar kwenda Mbeya kufuata mchele wa Kyela. Ni zaidi ya kilometa 800. Mkitoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, hamjafika hata Chalinze konda keshagawa soda na biskuti. Basi likipunguza mwendo kidogo tu, madirisha yanajaa mikono yenye mahindi, ndizi na keki. Mkisimama kula mnapewa dakika za kuhesabu, na chakula kinachowahi kutoka ni chipsi. Ukikataa vyote hivyo bila kubeba chako, ifikapo saa saba unakula chochote.

Huu ndio mkebe ninaoufunga. Hauhitaji friji na haumwagiki, na ukikaa siku mbili kwenye joto la basi hauharibiki. Mayai ya kuchemsha nimeyaacha makusudi. Hayana wanga wa kutisha, ila kwenye joto letu yai likishakaa zaidi ya saa mbili nje ya friji silili, hata linukie vizuri namna gani.

Hatua ya 1: Ijue dawa yako kabla ya kugusa kikaango

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Safari yangu ya kwanza na mkebe nilijiona mjanja. Alfajiri nilimeza glibenklamaidi, kidonge changu cha kisukari, kama kawaida, ila chai na chapati nikaviacha. Soda ya konda nikaikataa kwa maringo. Nikatafuna karanga hadi Mikumi. Tunapanda Kitonga, jasho likaanza kunitoka shingoni ilhali dirisha liko wazi, mikono inatetemeka, na mdomo umekuwa kama si wangu. Nikadhani ni njaa, nikaongeza karanga. Hazikusaidia kitu. Mama niliyekaa naye akanitazama usoni, akafungua soda yake aliyogawiwa asubuhi, akasema, "Kunywa hii mwanangu, maswali baadaye." Kabla hatujafika Ilula nilikuwa nimerudi duniani.

Kilichotokea ni hesabu tu. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula wanga au hujala. Insulini ya sindano nayo haijui kama umebadili chakula. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inashuka. Na karanga haziwezi kuipandisha haraka, kwa sababu wanga wake ni mchache na mafuta yake yanachelewesha mmeng'enyo. Anayetumia metformini peke yake hatari hii kwake ni ndogo sana. Wewe wa insulini, glibenklamaidi au glimepiraidi, muulize daktari wako dozi ya siku ya safari kabla hujanunua hata karanga moja. Mwenye shida ya figo naye aulize, maana dagaa, karanga na mbegu vina protini, potasiamu na fosfori ambavyo huenda ameshaambiwa avipunguze.

Hatua ya 2: Chagua, na uvijue vinavyojifanya jamaa

Ninavyobeba ni karanga, mbegu za maboga zilizomenywa, dagaa na vipande vya nazi iliyokaushwa bila sukari. Gramu 30 za karanga zina wanga wa kama gramu 5, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Mbegu za maboga ziko chini ya hapo kidogo. Dagaa hawana wanga wa kuhesabu. Korosho natia chache tu, kwa sababu gramu 30 zake zina wanga wa kama gramu 9. Si mbaya, lakini ni tamu na mkono hausimami.

Sasa wale jamaa wa uongo. Karanga za mayai zimevikwa unga na sukari, kwa hiyo kilicho ndani hakikusaidii. Kashata ni sukari iliyoshikana na karanga. Ubuyu wa rangi umepikwa na sukari hadi unang'aa. Bisi watu wanaziona nyepesi, ila vikombe vitatu vina wanga wa kama gramu 18. Tende tatu ndogo ni takriban gramu 15. Na biskuti "za wenye kisukari" zigeuze nyuma, usome mstari wa wanga kwa kila gramu 100, si mstari wa sukari peke yake. Unga wa ngano ukishafika tumboni hauulizi kama paketi iliandikwa "haina sukari".

Hatua ya 3: Karanga na mbegu

Nunua karanga mbichi uzichambue mwenyewe kwenye ungo mchana, si usiku chini ya taa. Toa iliyokunjamana, yenye doa jeusi, yenye ukungu, iliyotobolewa. Usiseme moto utaiua. Kukaanga hakuimalizi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na kuvu wanaoitengeneza wanapenda karanga vile vile. Ukionja karanga ikawa chungu, tema.

Kwa nusu kilo, weka chumvi ya mawe kwenye sufuria nzito, ipashe hadi iwe moto, mimina karanga na ukoroge bila kuondoka. Moto uwe mdogo, dakika 15 hadi 20. Usizisubiri ziwe ngumu ndani ya sufuria, maana karanga moto huwa laini na huchanganya watu wengi hadi wanaziunguza. Pasua moja: ndani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, epua. Chekecha chumvi yote itoke, halafu zipepete, hasa kama una presha.

Mbegu za maboga zikaange peke yake, dakika tano hivi, hadi zianze kurukaruka. Ukizichanganya na karanga zitaungua karanga zikiwa bado mbichi. Nazi nayo ni dakika mbili tatu tu.

Hatua ya 4: Dagaa wasionuka basi zima

Nachukua dagaa wa Mwanza, robo kilo. Natoa vichwa na uchafu wa tumboni, kwa sababu huo ndio unaoleta uchungu. Naosha kwa maji ya uvuguvugu hadi kidole kikipita chini ya bakuli kisiguse mchanga. Mara nyingi ni maji ya nne au ya tano. Kisha nakamulia limau mbili, natia tangawizi na kitunguu saumu vya unga na pilipili manga, naacha robo saa. Chumvi siongezi.

Limau ni unyevu, na unyevu ndio adui wa mkebe, kwa hiyo naanika juani chini ya chandarua hadi wakauke kabisa. Ndipo naweka vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, nageuza taratibu kwa mwiko wa mbao kama dakika 20. Mchukue mmoja, mpoze, mvunje karibu na sikio. Akilia kama kijiti kikavu, wameiva. Akijipinda, rudisha.

Kuhusu harufu, kumradhi kwa abiria wenzangu, haiishi yote. Limau na tangawizi vinaipunguza, na dagaa mkavu hanuki kama mbichi. Hata hivyo nawala basi likiwa limesimama.

Hatua ya 5: Poza, pima, funga

Acha kila kitu kipoe kwenye sinia, saa nzima au zaidi. Ukifunga vikiwa na joto, mvuke unageuka maji chini ya mfuniko, na siku ya pili una ukungu.

Pima nyumbani, usipime ndani ya basi. Huku ukiongea na jirani unaweza kumaliza robo kilo ya karanga bila kujua, na ingawa wanga ni mdogo, mafuta na kalori zake ni nyingi. Kipimo changu ni kiganja kimoja bila vidole, ambacho ni kama gramu 30. Kila kiganja kinaingia kwenye kifuko chake, na vifuko vyote ndani ya mkebe mmoja mkavu wenye mfuniko wa kubana. Safari ya kutwa nabeba vinne: viwili karanga na mbegu, kimoja dagaa, kimoja nazi na korosho. Bandika tarehe. Karanga naziweka wiki tatu, dagaa wiki moja.

Hatua ya 6: Mfuko wa pili, usioguswa kwa njaa

Huu unakaa mfukoni mwa nguo, si kwenye begi la juu. Ndani mna glukosi ya unga au sukari ya kawaida, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, mara tatu, kila vinne kwenye karatasi yake. Kila karatasi ni takriban gramu 15. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), au ukitetemeka na huna kipimo, kula karatasi moja kwa maji, subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Soda yenye sukari nusu glasi, kama mililita 150, inafanya kazi ile ile. Soda isiyo na sukari haifanyi. Sukari ikishapanda, ndipo ule kitu cha kukushikilia, na hapo ndipo karanga zinapokuwa na faida.

Mwambie jirani yako wa kiti kwamba una kisukari na mfuko uko wapi. Ukishindwa kumeza, asikumwagie chochote mdomoni. Basi lisimame kwenye hospitali ya karibu.

Hatua ya 7: Njiani

Pima sukari kabla ya kuondoka, na pima tena saa mbili baada ya kifuko cha kwanza. Ikiwa chini ya 10, mkebe unakufaa. Mwili wa kila mtu una namna yake, na namba zako zina sauti kuliko mwongozo huu.

Kunywa maji. Najua wengi, hasa kina mama, wanajinyima ili wasilazimike kuchimba dawa porini. Upungufu wa maji unapandisha sukari, na karanga kavu zinaongeza kiu. Mimi namwambia konda mapema, na sijawahi kuachwa.

Insulini isiende kwenye buti wala dirishani penye jua, ikae nawe ndani ya kitambaa chenye unyevunyevu.

Ukirudi na vifuko vilivyobaki, uvile siku hiyo hiyo au uvitupe. Osha mkebe kwa maji ya moto na uuanike ukiwa wazi hadi kesho yake, kabla ya kufikiria safari nyingine.