Kumbukumbu za mkutano: zisomwe kwanza, ziandikwe baadaye

Walimu wenzangu wa Kiswahili, kabla hamjawaagiza wanafunzi kuandika kumbukumbu, wapeni kumbukumbu halisi wazisome. Za chama cha wanafunzi zinatosha kabisa. Waulizeni: nani atazisoma, na atazitumia kufanya nini? Hapo wataona wenyewe kwa nini waliotuma udhuru huorodheshwa mbali na waliokosa bila taarifa, na kwa nini katibu huandika "Ilikubaliwa kwamba..." badala ya "Juma alibisha sana".

Halafu msikimbilie kazi binafsi. Igizeni kikao kifupi, kisha andikeni kumbukumbu zake pamoja ubaoni: wanafunzi wanataja sentensi, mwalimu anaandika, darasa linasahihisha. Walimu na wanaisimu wa Sydney, Australia, walioijenga njia hii tangu miaka ya 1980, waliipa hatua hiyo uzito mkubwa, nasi ndiyo tunayoiruka kwa kisingizio cha muda. Tafadhali msiiruke, hasa mkiwa na wanafunzi wanaosuasua. Hapo ndipo wanapoona "tutanunua mipira" ikigeuka kuwa "Mweka hazina aliagizwa kununua mipira miwili kabla ya mkutano ujao". Kipindi kinachofuata, kila mmoja aandike za kwake.