Testi za tabia ukiomba kazi: jibu hivi usijichome

Msimu wa watalii ukikaribia kampuni za utalii na lodji za hapa Arusha zinaajiri, sasa usishangae umetuma CV halafu kabla hata ya intavyu unatumiwa linki ujibu maswali kibao kuhusu tabia yako. Wengi wanapaniki. Hii sio NECTA jamani, hakuna divisheni. Nyingi zinapima mambo matano: we ni mtu wa watu kiasi gani, mpangilio wako wa kazi, unavyoelewana na wenzio, unavyobeba presha, na kama unapenda kujaribu vitu vipya, basi wanaangalia unaendana na nafasi au la.

Kaa sehemu imetulia, simu ina chaji na bando, sio umebanwa kwenye daladala ya Usa River unabonyeza bonyeza tu. Na soma sentensi mpaka mwisho, maana wanapenda kugeuza, juu umekubali kabisa "napanga kazi zangu mapema" ukishuka unakuta "mara nyingi naacha mambo hadi dakika ya mwisho", ukikubali na hiyo wanajua aidha hukusoma au unawapiga fiksi.

Kwenye fiksi ndo watu wanachemka sasa. Utakutana na "sijawahi kumkasirikia mtu yeyote" au "sijawahi kuchelewa popote". Hizo zimewekwa makusudi kunasa wanaojifanya malaika. Yani we unatoka Ngaramtoni na daladala, masika imechachamaa, hujawahi kuchelewa? Nani atakuamini. Jibu ukweli tu.

Ila ukweli wa ukiwa kazini. Nyumbani unaweza kuwa mkimya hadi mama anauliza kama unaumwa, lakini ukisimama mapokezi unachangamkia wageni vizuri tu, we jibu kama huyo wa mapokezi. Na usijaze "katikati" kila swali ukidhani ndo usalama, hapo hujawaambia kitu.

Kumpa mshkaji akujibie ni kujitafutia balaa, kwenye intavyu watakwambia "umesema ugomvi unautatua kwa utulivu, tupe mfano" na wewe hata swali hulikumbuki. Andaa mfano wako wa kweli, hata wa mgeni aliyefika KIA begi halijafika akakuwakia wewe.

Ukipewa ile testi inayokutajia aina ya tabia yako kwa herufi nne, Myers-Briggs, usikose usingizi, wenye nayo wenyewe wanasema isitumike kuchuja waombaji kazi.

Wakianza kuuliza kama una mimba, una VVU au umeolewa, hiyo sio testi ya tabia tena, sheria ya ajira ya 2004 inakataza kubagua mtu kwa hayo hata kama ndo kwanza unaomba kazi. Na wakikwambia tuma elfu ishirini kwenye M-Pesa ndo linki ifunguke, hao hawana kazi yoyote ya kukupa, blok namba.